Alfred Wilm, mtu aliyeifanya alumini iwe ngumu

Swali lilitufikia kwa ujumbe wa simu katikati ya kipindi cha asubuhi. Msikilizaji aliuliza: kama ndege imetengenezwa kwa alumini, na sufuria ya nyumbani nayo ni alumini, mbona sufuria ikidondoka inabonyea, wakati ndege inabeba watu na mizigo angani bila kukunjika? Studioni tulicheka kidogo, kisha tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Tukaweka wimbo, tukasoma matangazo ya vifo, kipindi kikaisha, na swali likabaki mezani.

Tumelifuatilia, na limetupeleka mbali kuliko tulivyodhani. Jibu lake lina moto, lina maji, na lina siku nne za kusubiri. Nyuma yake yupo Mjerumani mmoja aliyekufa mwaka 1937, ambaye aligundua siri hiyo bila kuijua sababu yake, akaacha maabara na kwenda kulima. Jina lake ni Alfred Wilm. Kwa wahandisi wa ndege ni jina kubwa. Kwetu sisi tunaopanda ndege mara chache, au tunaoiona tu ikipita juu ya shamba, ni jina geni, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Wilm alizaliwa tarehe 25 Juni 1869 katika kijiji cha Niederschellendorf, jimbo la Silesia. Wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani ya Prussia. Leo sehemu kubwa yake ipo Poland. Alikua katika miaka ambayo alumini ilikuwa bado metali ya matajiri. Udongo wenye alumini umejaa duniani, lakini kuitenganisha na udongo huo kulikuwa kazi ngumu na ya gharama. Mambo yalibadilika mwaka 1886, pale Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake na bila kujuana, walipogundua namna ya kuitoa kwa kutumia umeme. Bei ikaporomoka. Ghafla dunia ikawa na metali nyepesi, ambayo uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma.

Nyepesi, ndiyo, lakini laini mno. Ukanda wa alumini tupu iliyolainishwa, wenye eneo la sentimita moja ya mraba kwenye mkato wake, hukatika kabla ya kubeba tani moja. Chuma cha kawaida cha ujenzi chenye ukubwa huohuo hubeba tani nne na zaidi. Sufuria unaweza kutengeneza. Daraja, hapana. Chombo cha kuruka, hapana kabisa.

Mwaka 1901 Wilm, akiwa tayari mtaalamu wa metali, alianza kazi katika kituo cha utafiti kilichokuwa Neubabelsberg, karibu na jiji la Berlin. Kazi aliyopewa haikuhusu ndege. Mwaka huo ndege yenye injini ilikuwa bado haijaruka. Ndugu wa Wright waliruka mwishoni mwa mwaka 1903. Waliotaka kazi ifanyike walikuwa watu wa silaha. Maganda ya risasi yalitengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni nzito na ya bei. Wakamtaka Wilm atafute alumini ngumu ya kutosha kuchukua nafasi ya shaba hiyo. Hatuoni sababu ya kulificha hilo. Mambo mengi tunayoyatumia kwa amani yalianza hivyo.

Hapa tumtaje mhunzi, maana Wilm alianza kwa kufikiri kama yeye. Aliyewahi kukaa karibu na kiwanda cha mhunzi anajua: panga au shoka likishachongwa, hutiwa motoni hadi liwe jekundu, kisha hutoswa majini, nalo likishapoa huwa gumu palepale, gumu hata linaweza kukatika kama kioo lisipopashwa tena kidogo. Hiyo ni tabia ya chuma cha pua. Wilm alijiuliza kama alumini nayo, ikichanganywa na metali nyingine kidogo, haiwezi kutiwa moto na kutoswa majini ikakomaa vivyo hivyo.

Akajaribu miaka kadhaa. Alichukua alumini akaichanganya na shaba, kiasi cha asilimia 4 hivi. Akaipasha hadi karibu nyuzi joto 500, chini kidogo ya mahali inapoanza kuyeyuka. Akaitosa majini. Akapima ugumu kwa mashine inayobonyeza metali na kuangalia shimo limeingia kiasi gani. Matokeo hayakuwa ya kumfurahisha. Alumini iliyotoka majini ilikuwa laini, na vipande alivyovipata havikufikia ugumu aliotakiwa kuupata. Akaendelea kubadilisha mchanganyiko.

Mwaka 1906 aliongeza magnesi kidogo sana, karibu nusu asilimia. Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Kipande kilipashwa moto, kikatoswa majini, na msaidizi wake akapima ugumu haraka haraka kabla ya kufunga maabara. Kilikuwa laini kama vilivyotangulia. Vipimo vilivyobaki vikaachwa hadi Jumatatu.

Jumatatu walipokiweka tena kwenye mashine, kipande kilekile kilikuwa kigumu zaidi, na si kwa kidogo. Hakuna aliyekigusa. Hakijarudishwa motoni. Kilikuwa kimelala mezani tu tangu Jumamosi. Jambo la kwanza lililopaswa kushukiwa ni mashine yenyewe, kwa hiyo vipimo vilirudiwa. Mashine haikuwa na kosa. Wakaendelea kupima siku baada ya siku, wakaona ugumu unapanda, kwa kasi mwanzoni kisha polepole, mpaka baada ya siku nne hivi ukatulia.

Tunapenda kusimama kidogo hapa, kwa sababu ndipo tofauti na mhunzi ilipo. Chuma hupata ugumu ndani ya maji. Alumini ya Wilm ilitoka majini ikiwa laini, ukaweza kuikunja na kuipinda utakavyo, kisha ikakomaa yenyewe ikiwa imeachwa, kama ndizi iliyokatwa ikiwa mbichi ikaiva ndani. Katika historia yote ya binadamu na metali hakuna aliyekuwa ameandika jambo kama hilo. Na lingeweza kupita bila kuonekana. Kama kipande kingepimwa mara moja na kutupwa Jumamosi ileile, Wilm angesema huu mchanganyiko nao umeshindwa, akaenda kwenye mwingine.

Wilm hakujua kwa nini linatokea. Alitazama vipande kwa hadubini, vile vya Jumamosi na vile vya Jumatatu, na havikuonyesha tofauti iliyoweza kueleza ugumu ule. Alichojua ni namna ya kulirudia: mchanganyiko gani, joto kiasi gani, maji, kisha subira. Hiyo ilitosha kupata hataza, yaani haki ya mgunduzi mbele ya sheria. Mwaka 1909 haki ya kutengeneza metali hiyo ilikwenda kwa kiwanda cha Dürener Metallwerke katika mji wa Düren, nayo ikaanza kuuzwa kwa jina la duralumin. Mwaka 1911 Wilm alichapisha matokeo yake ili wataalamu wengine wayasome. Maganda ya risasi hayakuwa ndiyo yaliyoipa umaarufu. Kufikia hapo watu walikuwa wameanza kuruka, na waliokuwa wakiruka walihitaji kitu chepesi chenye nguvu.

Waliotangulia kuikimbilia walikuwa watengenezaji wa meli za anga, yale maputo makubwa marefu yenye umbo la sigara, yaliyojazwa gesi nyepesi na kushikiliwa kwa mifupa ya metali ndani. Kampuni ya Zeppelin ya Ujerumani ilianza kutumia duralumin kwenye mifupa hiyo mwaka 1914. Mwaka huohuo vita kuu ya kwanza ikaanza.

Na hapa metali ya Wilm nusura ifike kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1917, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa hadi kusini kabisa mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, likikaribia mto Ruvuma. Halikuwa na dawa wala risasi za kutosha. Berlin wakaamua kulipelekea msaada kwa meli ya anga, L59, yenye urefu wa zaidi ya mita 226, ambayo ni zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Iliondoka mji wa Jamboli, nchini Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 ikiwa na shehena ya kama tani 15.

Kilichotushangaza ni kwamba haikukusudiwa kurudi. Ikishatua, ingevunjwa vipande. Kitambaa chake kingefanywa nguo na mahema, na mifupa yake ya duralumin ingetumika kujengea. Ilivuka bahari ya Mediterania, ikapita juu ya jangwa la Misri, ikafika Sudan, magharibi ya Khartoum. Hapo, tarehe 23, ikapokea amri kwa redio irudi, kwa sababu Berlin waliamini jeshi lile halina tena mahali pa kuipokea. Ikageuza. Ilifika Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 angani na safari ya kilomita zaidi ya 6,700. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Vita vile viliacha njaa na vifo vingi vya wapagazi katika nchi yetu, na shehena ile ingefika, huenda vingeongezeka. Lakini kwa upande wa metali, safari hiyo ilionyesha kwamba alumini iliyotiwa moto, ikatoswa na kuachwa ikomae, iliweza kubeba chombo kikubwa namna ile juu ya bahari na jangwa kwa siku nne mfululizo.

Mwaka 1919 ni mwaka wa ajabu katika maisha ya Wilm. Tarehe 25 Juni, siku aliyotimiza miaka 50, huko Ujerumani iliruka kwa mara ya kwanza ndege ya abiria ya Junkers F13, ndege ya abiria ya kwanza duniani iliyokuwa ya metali tupu. Ngozi yake yote ilikuwa ya duralumin iliyotiwa mikunjo kama bati la kuezekea. Mwaka huohuo kule Washington, Paul Merica na wenzake wawili walichapisha maelezo ya kwanza yenye mashiko kuhusu sababu ya alumini kukomaa. Na mwaka huohuo Wilm aliachana na utafiti. Alirudi milimani Silesia akawa mkulima.

Maelezo ya Merica tutayaweka kwa mfano wa chai. Chai ikiwa ya moto hupokea sukari nyingi, nayo huyeyuka isionekane. Ikipoa polepole, sukari iliyozidi huweza kujitenga na kutulia chini. Alumini nayo, ingawa haijayeyuka, ingawa ni kitu kigumu mkononi, ikipashwa karibu nyuzi 500 hupokea shaba ndani yake na kuisambaza kila mahali. Ikiwa baridi haiwezi kuibeba shaba hiyo yote. Ukiiacha ipoe polepole, shaba hujitenga na kuwa mabonge makubwa machache, na metali inabaki laini. Ukiitosa majini ghafla, shaba inanaswa ndani kabla haijapata nafasi ya kujitenga. Kisha, siku hizo nne za kusubiri, shaba iliyonaswa huanza kujikusanya kidogo kidogo katika vikundi vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, vilivyoenea kote.

Kwa nini vikundi hivyo vilete ugumu? Chukua mikeka kumi uirundike. Ukiuvuta wa juu, unateleza juu ya mwenzake bila shida. Metali hukunjika kwa namna inayofanana na hiyo: tabaka za chembe zake huteleza. Sasa mwaga kokoto ndogo kati ya kila mkeka na mkeka, uone kama utateleza tena. Vikundi vya shaba ni kokoto hizo. Lakini zikiwa kubwa na chache, mkeka hupata njia ya kupita katikati yake. Ndiyo maana alumini iliyokwisha kukomaa, ukiirudisha kwenye joto kali kiasi kwa muda mrefu, nguvu hupungua tena. Vikundi vidogo vimeungana vikawa mabonge.

Kilichofuata hakikumhusu Wilm mwenyewe, lakini bila hicho ugunduzi wake ungekuwa na mwisho mbaya. Duralumin ilikuwa na adui, nayo ni chumvi. Alumini tupu hujilinda: ikiguswa na hewa hujifunika utando mwembamba mgumu, na utando huo huzuia kuliwa zaidi. Shaba ikiwemo, ulinzi unapungua. Mbaya zaidi, haikuliwa kwa juu tu. Metali imeundwa na punje zilizoshikamana, na hewa ya bahari iliingia kwenye mipaka ya punje na kula huko ndani. Bamba lingeweza kuonekana zima kwa nje, na huku nguvu imekwisha toka. Miaka ya 1920 watu wa ndege walianza kuogopa. Fikiria unapanda kitu ambacho fundi amekikagua kwa macho akasema kipo sawa.

Dawa ilipatikana Marekani mwaka 1927, kutoka kampuni ya Alcoa, chini ya mtaalamu Edgar Dix. Walichofanya anayesukuma chapati atakielewa mara moja. Walichukua bonge nene la aloi yenye nguvu, wakalifunika juu na chini kwa bamba jembamba la alumini tupu, wakayapitisha yote yakiwa ya moto kati ya magurudumu mazito ya kusukumia. Tabaka tatu zikashikana zikawa kitu kimoja, na kadiri bamba lilivyozidi kuwa jembamba ndivyo kila tabaka ilivyopungua kwa kiwango chake. Kwenye mabamba membamba, kila tabaka ya nje ni kama asilimia 5 ya unene wote. Bamba la milimita moja, basi, lina ngozi ya alumini tupu yenye unene wa karibu nusu ya karatasi ya daftari kila upande. Bidhaa hiyo iliitwa Alclad. Nguvu ipo katikati, ulinzi upo nje. Hata ngozi ikikwaruzwa, alumini tupu iliyo jirani huliwa yenyewe kwanza na kuiacha aloi ya ndani. Mwaka 1929 meli ya anga ya jeshi la wanamaji la Marekani, ZMC-2, iliruka ikiwa na ngozi yote ya Alclad, nayo ilidumu hadi ilipovunjwa mwaka 1941.

Ila sasa angalia tatizo. Bamba hili la tabaka lazima lipitie moto wa Wilm, vinginevyo katikati yake ni laini. Na moto uleule unaolipa nguvu unaweza kuliharibu.

Joto likiwa dogo mno, shaba haisambai, na bamba halitakomaa hata ukilisubiri mwaka. Joto likizidi, hata kwa nyuzi chache tu, mipaka ya punje huanza kuyeyuka ndani kwa ndani. Bamba hilo limekwisha. Hakuna moto wala maji ya kulirudisha. Kwa aloi inayoitwa 2024, ambayo imetumika sana kwenye ngozi za ndege, nafasi iliyopo ni kati ya nyuzi 488 na 499 hivi. Mpishi wa pilau ana uhuru mkubwa kuliko huo.

Kuna na muda. Shaba iliyochangamshwa na joto haikai katikati tu. Inasafiri. Inaingia kwenye ngozi ya alumini tupu, na bamba likikaa tanurini kupita kiasi, au likirudishwa tanurini mara nyingi, shaba inafika hadi nje. Bamba la namna hiyo ukilipima nguvu utalikuta zuri. Litabeba mzigo. Lakini ulinzi wake dhidi ya chumvi umepotea, na hutauona upungufu huo kwa macho. Ndiyo sababu viwandani huhesabiwa bamba la tabaka limepitishwa motoni mara ngapi, na likishafika kikomo halirudishwi tena, hasa likiwa jembamba, maana ngozi yake ni nyembamba na safari ya shaba ni fupi.

Hata maji yana masharti. Bamba likichelewa kutoka tanurini hadi majini, sekunde chache tu, shaba huwahi kujitenga kwenye mipaka ya punje, na hapohapo ndipo chumvi itakapoanzia siku za usoni. Mafundi wakaweka pipa la maji karibu kabisa na tanuri.

Haya yote yakifanywa sawasawa, tofauti ni hii. Ukanda wa aloi hiyo ya 2024 uliolainishwa, wa sentimita moja ya mraba, hukatika kwenye mzigo usiofika tani mbili. Ukanda uleule ukipitishwa motoni, majini, kisha ukaachwa ukomae, hubeba zaidi ya tani nne. Metali ni ileile, uzito ni uleule. Tabaka za nje hupunguza nguvu hiyo kidogo tu, kwa kuwa zenyewe ni laini, na watengenezaji ndege wameona bei hiyo inalipika.

Kuna jambo moja dogo tulilolipenda. Riveti, zile pini za kuunganishia mabamba, nazo nyingine ni za aloi hii. Lazima zigongwe zikiwa laini, lakini baada ya kutoka majini zinaanza kukomaa na dakika zinahesabika. Kwa hiyo mafundi wa ndege huziweka kwenye friji yenye baridi kali, maana baridi huisimamisha shaba isijikusanye. Fundi hutoa chache, anazigonga haraka, zinakomaa zikiwa tayari zimo ndani ya bawa. Subira ya Wilm imewekwa barafuni kama samaki.

Sasa sufuria. Sufuria nyingi za dukani ni za alumini iliyo karibu tupu, haina shaba ya kukomaza, na haikupitia tanuri la namna hii. Haihitaji pia. Tunataka ipitishe joto vizuri, isiliwe na chumvi ya mboga, na ikibonyea tuigonge irudi. Zile nzito zinazotengenezwa na mafundi wetu kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya alumini zina mchanganyiko wa kila kitu kilichopatikana siku hiyo, na ugumu wake hutokana na unene.

Lipo la kuangalia hata kijijini. Ngazi nyingi za alumini na vyuma vya magurudumu ya baadhi ya baiskeli na pikipiki ni aloi zilizokomazwa kwa joto, ingawa si za shaba. Aghalabu ni magnesi na silikoni. Kitu kama hicho kikipitiwa na moto wa nyumba au wa shamba, kinaweza kubaki na umbo lake na hata kung'aa ukikisugua, lakini nguvu yake imeshuka. Alumini haikuonyi kwa rangi kama chuma. Chuma huwa chekundu. Alumini huyeyuka, kwenye nyuzi 660, kabla mchana haujakuonyesha wekundu wowote. Ngazi iliyoungua usiipandie mwembe.

Alfred Wilm alifariki tarehe 6 Agosti 1937 huko Saalberg, Silesia, akiwa na umri wa miaka 68. Wakati huo anga za dunia zilikuwa zimejaa ndege zenye metali ya ukoo wake. Mwaka uliofuata, 1938, André Guinier huko Ufaransa na George Preston huko Uingereza, kila mmoja peke yake, walitumia eksirei na kuvigundua vile vikundi vya shaba ambavyo hadubini ya Wilm haikuweza kuvionyesha. Vina unene wa chembe moja ya shaba hivi, na upana wa kama sehemu moja ya milioni ya sentimita. Vinaitwa kwa majina ya hao wawili hadi leo.

Msikilizaji uliyetuuliza, ujumbe wako tumeuhifadhi. Tutausoma hewani pamoja na jibu hili kwa ufupi, na safari hii hatutakimbilia wimbo.